Ngazi nimeiacha

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tororo. Hatujambo, ila goti la mama yako humsumbua asubuhi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema huko Leeds vuli imeingia, wazee wa mtaani kwako wanazoa majani na kusafisha mifereji ya paa kabla ya baridi, nawe ukatukumbuka. Ukauliza: je, nyumba na shamba bado tunaviweza, au utume pesa tuajiri mtu wa kukaa hapa?

Vuli yenu ni majani kupukutika. Wenzangu wa reli waliotoka Mombasa walikuwa wakiita vuli mvua za pili, na hizo ndizo tunazojiandalia. Jibu langu ni kwamba tunaweza, lakini si yote.

Ngazi nimeiacha. Mwaka jana nilipanda kutoa majani ya mwembe kwenye gata, mguu ukateleza. Sikuumia, nikakuficha. Nisamehe. Sasa anapanda kijana wa jirani, tunamlipa kibarua cha siku. Amepigilia bati zilizolegea na kuziba matundu ya misumari kwa lami. Gata ndiyo ninayoisimamia mwenyewe kutoka chini, kwa sababu ya maji. Bati letu linafunika kama mita za mraba 60. Ikinyesha milimita 20, hizo ni lita 1,200. Ondoa yanayomwagika, ondoa na yale ya kwanza yanayoosha vumbi la paa, bado tangi la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja. Ni kama jerikani 50 ambazo mama yako hatabeba.

Kilichonitia hofu zaidi ni njia ya chooni. Saruji ilishika ukungu wa kijani, na usiku wa mvua inateleza kama sabuni. Nimeisugua kwa mchanga na brashi ya waya siku tatu, kidogo kidogo. Inabaki bomba la kushikia pale kwenye vidato viwili. Mtu wa umri wetu akivunjika nyonga, hasimami tena upesi.

Chandarua tumekifua na kukishona. Makopo yote yanayotuama maji yametupwa. Radi za hapa unazijua: wingu likikusanyika tu, televisheni inachomolewa.

Sasa shamba. Lile la chini karibu na kinamasi tumempa jirani alime, tugawane mahindi. Mama yako alinuna wiki nzima, kisha akakubali. Lakini migomba hataki aguse mtu, na mimi nipo upande wake. Ule ugonjwa wa mnyauko ulioonekana Uganda mwaka 2001 husafiri kwa panga. Kibarua anatoka kukata kwa mtu mwingine, anaingia kwako na utomvu uleule kwenye makali, na baada ya muda ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Mama yako huosha panga kwa jiki kila anapohama shina. Lile ua linaloning'inia chini ya mkungu halikati kwa panga, hulivunja kwa kijiti chenye panda mara ndizi za mwisho zinapojitokeza, ili wadudu wasiingize ugonjwa hapo. Majani makavu ameyatoa na kuyatandaza chini, mbali kidogo na shina. Mtu wa kukaa hapa angemnyang'anya kazi hiyo, na ndiyo inayomtoa kitandani goti likiuma.

Maharage, dodo (mchicha) na sukuma wiki sasa viko nyuma ya jiko, hatua kumi tu. Mbegu za maharage amezichagua moja moja mkekani. Tukipanda wiki hii, Desemba utayala.

Kwa hiyo usitume pesa za mtu wa kukaa. Tuma za fundi siku mbili, na za bomba. Na ukija, mletee mama yako viatu vya mpira vyenye soli ya kushika, namba 5. Vya sasa vimepasuka kisigino, na yeye hatakuambia.

Baba yako