Kabla hujafungua kishikwambi chako dikoni

Swali la kwanza utakaloulizwa Kizingitini, kijiji cha wavuvi Lamu Mashariki, halihusu kompyuta. Nahodha atashusha kikapu, atakutazama ukiandika, kisha atasema: “Mwanangu, hayo uandikayo yaenda wapi?” Mimi niliulizwa siku yangu ya pili kazini, nikajibu, “Yaenda kwa mfumo, mzee.” Akacheka, akaondoka na kikapu chake. Jibu lile lilinitesa karibu mwaka mzima, na ndilo linanifanya niwaandikie nyinyi mnaoingia sasa kwenye miradi ya majaribio ya serikali ya kubadilishana data.

Mradi wetu ulikuwa mdogo. Takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye madiko, yaani mahali mashua zinaposhusha samaki, ya Lamu Mashariki zisomwe na BMU, yaani kamati za wavuvi wenyewe, na kaunti, na serikali kuu, na watafiti, bila kila mmoja kuja na daftari lake kumsumbua mvuvi yule yule. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la wiki mbili. Nami nilikuja na shahada yangu nikidhani kazi ni kuunganisha mifumo.

Mifumo iliungana mapema tu. Maneno ndiyo yaliyokataa kuungana.

Chukua tafi. Karani mmoja aliandika tafi, mwenzake aliyekulia kusini akaandika tasi, na kompyuta ikahesabu samaki wawili tofauti. Mwingine alimwita kila jodari jodari tu, na majodari wako wa aina nyingi. Dawa yake ipo: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina orodha inayompa samaki alama ya herufi tatu. Nguru ni COM, jodari wa mapezi ya manjano ni YFT. Lakini usimpelekee mvuvi herufi hizo. Kaa chini na wazee na mama karanga, wale wanaokaanga na kuuza samaki, mbele ya samaki wenyewe, mwandike kila jina linalotumika hapo, kisha wewe ufunge majina hayo kwenye alama huko nyuma ya pazia. Sisi tulifanya hivyo asubuhi mbili chini ya mkungu, na mama karanga walitusahihisha kuliko mtaalamu yeyote aliyeletwa kwa boti.

Kilo nazo. Samaki aliyepasuliwa na kutolewa matumbo si sawa na mzima, na anayeuzwa kwa fungu hajapita mzani kabisa. Fomu yetu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, “uzito”. Ongeza cha pili kinachouliza alipimwaje, utajiokoa na ugomvi wa miezi.

Na saa! Hapa nacheka hadi leo. Makarani waliandika mashua imefika saa mbili, wakimaanisha saa mbili asubuhi kama mtu yeyote wa pwani. Aliyeingiza takwimu ofisini akapiga 02:00. Mchoro wa kwanza tuliowaonyesha wakubwa ulionyesha Kizingitini nzima ikishusha samaki usiku wa manane. Mmoja akauliza kwa upole kama ni magendo. Tangu siku hiyo fomu inaandika 08:00, na pembeni, kwa maandishi, “saa mbili asubuhi”. Tarehe tunaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili tarehe 3 mwezi wa 4 isije ikageuka tarehe 4 mwezi wa 3.

Hayo yote yanarekebishika. Nitakalolieleza sasa halikurekebishika kwa urahisi, na kosa ni langu.

Kishikwambi kilikuwa kinanasa mahali mashua ilipovulia, kwa nukta kabisa. Watafiti walitaka ramani, na mimi nikaona fahari kuwa nayo. Nilipofungua jedwali la pamoja ili madiko yote yasome, sikuificha ile safu ya nukta. Ilikuwa kaskazi, bahari imetulia, kila mtu anatoka. Haikupita wiki mbili, mashua mbili za diko jingine zikatia nanga kwenye mwamba ambao mzee mmoja alionyeshwa na babake, na ambao aliujua kwa kupanga mti wa barani na kilele cha kisiwa. Mzee hakupiga kelele. Alikuja asubuhi, akashusha, nami nikauliza kama kawaida. Akasema, “Leo hakuna kitu.” Kikapu kimejaa mbele yangu. Kesho yake vile vile. Na wenzake wakafuata.

Sasa tazama lililotokea ofisini. Mstari wa mavuno ukaporomoka mwezi ule, na rasimu ya ripoti ikaandikwa kwamba samaki wanapungua eneo hilo. Samaki walikuwapo. Kilichopungua ni imani ya watu kwetu, na kwenye jedwali ilionekana kama upungufu wa samaki. Kwa hiyo ukiona takwimu zimeanguka ghafla, panda boti kwanza kabla hujafungua programu ya hesabu. Pitia Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamejaa, usije ukakwama kwenye matope ukachelewa dikoni.

Tulirudi nyuma. Nukta tukazifuta, tukaweka miraba mikubwa ambayo inamtosha mtafiti na haimsaidii anayetafuta mwamba wa mwenzake. Kila safu ya jedwali tukaiuliza: nani anaihitaji, kwa kazi gani? Jina na simu ya mvuvi zikabaki kwenye BMU, hazitoki. Hili halikuwa hisani yetu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka ukusanye kinachohitajika tu kwa kazi uliyoitaja, na data ya mtu ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Isome mwenyewe, usingoje semina.

Kuna jambo niliokota mbali nikalileta dikoni. Estonia walianza mfumo wao uitwao X-Road mwaka 2001. Hakuna ghala moja kubwa. Kila idara inakaa na data yake, na anayeihitaji anabisha hodi kwa ujumbe uliotiwa saini, na hodi hiyo inaandikwa. Mwananchi wa kule anaweza kuingia akaona ni ofisi gani iliyotazama habari zake. Ujerumani na Ufaransa nazo zilipoisukuma Gaia-X, mpango wa Ulaya wa kubadilishana data, mwaka 2020, wazo la msingi lilikuwa karibu na hilo: mwenye data asiipoteze mikononi mwake kwa sababu tu ameikubali isomwe. Mambo ya nchi tajiri, utasema. Nilisema hivyo pia. Lakini kuandika nani aliuliza nini hakuhitaji utajiri. Kila mwisho wa mwezi tulichapa karatasi moja: ofisi fulani iliomba kilo za kamba mawe za mwezi uliopita, mtafiti aliomba miraba ya nguru. Katibu wa BMU akaisoma kwenye kikao baada ya Ijumaa, kisha ikabandikwa mlangoni pamoja na bei za wiki za madiko mengine. Bei ndizo zilizowaleta watu kuisoma, sijidanganyi. Mvuvi akijua tajiri, yaani mnunuzi wa samaki, analipa zaidi Amu, mjini Lamu, ana neno la kumwambia tajiri wa hapa.

Ilichukua hadi kusi iliyofuata ndipo mzee yule akanitajia kilo tena. Alitaja nusu, nadhani. Sikubishana.

Mengine ni ya haraka. Mradi wa majaribio una siku ya kufa. Uliza mapema nani atalipia seva mwezi wa kumi na tatu, na uhakikishe kila diko linaweza kuchukua takwimu zake zote kwa faili ambalo kompyuta yoyote inalifungua. Chaji ya kishikwambi haimalizi siku kwenye jua lile. Mtandao ukipotea, na utapotea, fomu ihifadhi yenyewe hadi urudi mjini. Tembea na daftari na kalamu ya risasi, maana wino wa kawaida ukipata maji ya chumvi unayeyuka.

Madaftari ya zamani yako kabatini, ofisi ya BMU. Ufunguo anao katibu, naye huenda baharini siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa hiyo mpigie usiku kabla hajalala.