Usiuze sura yako kwa kangomba: mikataba ya matangazo kwa sisi wa Kusini

Siku hizi brandi zimeshajua Mtwara kuna watu wanapost. Video yako ya Msimbati ikipendwa kidogo tu, kesho yake ejensi ya Dar iko dm, "habari dear, tungependa kufanya kazi na wewe", halafu inakuja PDF ya kiingereza kurasa kibao na unaambiwa saini leo maana kampeni inaanza Ijumaa. Mi napost misosi na fukwe, sina wafuasi wa kutisha, ila PDF za namna hiyo nimeshazisoma za kutosha na nimewasomea wadogo zangu wa hapa na wa Lindi, na karibu wote wanakimbilia kuangalia hela. Sasa hela ndo kitu pekee kilichoandikwa waziwazi mle ndani, balaa liko kwenye kurasa zingine.

Mtu wa huku hahitaji kufundishwa kangomba. Jamaa anakuja kununua kipindi una njaa, korosho bado ziko mtini, anakupa vihela na kipimo ni bakuli lake mwenyewe, msimu ukifika mnada unausikia kwa wenzio. Mkataba mmoja nilimsomea mjomba wangu, mtu wa AMCOS (ushirika wa wakulima) wa siku nyingi, Insta hata kuifungua hajui, akaniuliza vitu viwili tu: "Mzani wa nani? Na hela inatoka lini?" Aisee, kurasa zote zile hazikuwa na jibu hata la swali moja.

Tuanze na mzani. Kuna kifungu kinasema kazi itahesabika imekamilika "mteja akiridhika". Asiporidhika? Unarudia. Mara ngapi? Haijaandikwa. Yaani umeshapanda boda mpaka Msimbati, umepiga picha jua likiwa zuri, bando umeunguza, halafu mtu yuko ofisini Dar anakwambia rudia, chupa haionekani vizuri, na gharama zote zako. Mi siku hizi naomba iandikwe: marekebisho ya kuediti mara mbili bure, kushuti upya kunalipiwa labda kama kosa ni langu, na mteja asipojibu ndani ya siku tano kazi imekubalika.

Hela inatoka lini, hapa ndo wengi wanalia. "Siku 90 baada ya kampeni kuisha", na kampeni inaisha lini hakuna anayejua, wakiisogeza mbele na hela yako inasogea. Siku zianze kuhesabiwa kuanzia ulipopost, hiyo ni tarehe ambayo hakuna wa kubishana nayo. Omba nusu kabla ya kuanza, nusu ndani ya siku 30. Na uulize kabisa kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujapewa hela), kwa mtengeneza maudhui mkazi ni asilimia 5, wakikata wakupe cheti chake, maana bila cheti siku ya hesabu na TRA utaonekana hujalipa.

Halafu kile kifungu cha kutumia video zako milele, dunia nzima, kwenye midia zilizopo na zitakazokuja. Soma taratibu. Wanaweza kuiweka sura yako kwenye bango pale stendi miaka kumi ijayo na hudai hata mia. Wakikwambia ndo utaratibu, waambie hata TikTok yenyewe ukimpa mteja namba ya siri (code) ya kuruhusu video yako ibustiwe, yaani isambazwe kama tangazo la kulipia, inakupa uchague siku 7, 30, 60 au 365, milele haipo. Miezi mitatu mtandaoni inatosha, wakitaka mabango au kuongeza muda walipie.

Kufungwa usifanye kazi na wengine ndo kubaya zaidi kwetu sisi wa mikoani. Mtu wa Dar anaweza kukataa brandi nyingine akaishi, sisi kazi zetu ni mgahawa wa Mikindani, duka la vipodozi la mjini, gesti ya Lindi, sasa ukisaini kwamba mwaka mzima hutatangaza "vyakula, vinywaji na urembo" umebaki na nini, spea za pikipiki? Waambie waandike majina ya wapinzani wao. Mimi nilivyoomba hivyo dada wa ejensi akanitumia voisi kwamba huo ni mkataba wa kawaida, wote wanasaini. Nikamjibu:

"Dada pole na kazi. Mkataba nimeusoma na kazi naitaka. Naomba namba 4, 7 na 11 tuzirekebishe kama nilivyoandika hapo chini, ukinitumia uliorekebishwa nasaini leo leo."

Kimya. Kesho yake jioni ukarudi, wapinzani wameandikwa watatu kwa majina, malipo siku 45 badala ya 30, nikakubali. Hapo sikugombana na mtu wala sikumtaja mwanasheria. Na kuna wengine nikiwaandikia hivyo hawarudi kabisa, sawa tu, wa hivyo angenisumbua kwenye malipo.

Faini nazo ziangalie, unakuta ukichelewa kupost unalipa mara mbili ya ulicholipwa. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inasema fidia iwe ya kadri inayostahili na isizidi kiasi kilichoandikwa, kwahiyo haimaanishi mtu atachukua yote kirahisi, ila nani ana nauli ya kwenda kubishana mahakamani Dar kwa laki nne? Ifutwe kabla, na sehemu ya kusuluhishia migogoro iandikwe Mtwara, mahakama tunazo.

Kama ulishasaini, usifute video kwa hasira, utakuwa wewe ndo umevunja mkataba. Tafuta PDF, piga skrinishoti ya post yako tarehe ionekane, tuma invoisi leo kwa barua pepe na sio WhatsApp tu, uandike na siku ya mwisho ya kulipwa kama ilivyo kwenye mkataba.