Chokaa ya Songwe haikutoka baharini: kwa mnaoanza kusoma umri wa miamba

Wadogo zangu mnaokuja Mbeya kwa mafunzo ya vitendo, wengi wenu mnafika na kitabu chenye picha za amonaiti na trailobaiti, wanyama wa bahari waliokwisha zamani, na siku ya kwanza tu mnaanza kutafuta makombe ya bahari kwenye makorongo ya Songwe. Hamtayapata. Matabaka ya mashapo ya nyanda hizi, kuanzia makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma hadi mawe mekundu ya mchanga ya bonde la Rukwa, yalitandazwa na mito, maziwa na vinamasi vya nchi kavu. Hata hivyo nawasihi mvisome visukuku vya bahari, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa mweneo wa miamba, kwa bidii zote, maana kalenda tunayotumia kuyapa umri matabaka haya ya kwetu ilitengenezwa kwanza baharini. Asiyeielewa kalenda hiyo atabaki kunakili tarakimu za wenzake bila kujua zimetoka wapi.

Kwa nini bahari? Kwenye sakafu yake tope hushuka polepole kwa muda mrefu bila kuvurugwa sana, wanyama wenye magamba magumu hufukiwa karibu na walipofia, na kiumbe anayeogelea au kuelea huweza kuenea pwani za mabara kadhaa. Nchi kavu mambo ni mengine. Mto hulaza mchanga msimu huu, msimu ujao ukaukomba, na mapengo kwenye kumbukumbu huwa makubwa. Ndiyo maana William Smith, mpimaji ardhi aliyefanya kazi kwenye uchimbaji wa mifereji Uingereza, aliweza kuona kwamba matabaka yanayofanana kwa macho hutofautishwa na visukuku vyake, na kwamba mpangilio ule hujirudia kutoka kilima hadi kilima. Mwaka 1815 alichapisha ramani ya miamba ya England, Wales na sehemu ya Scotland kwa msingi huo, na wakati huo hakuna aliyeweza kusema tabaka lolote lina miaka mingapi.

Lakini si kila kisukuku kinafaa kwa kazi hii. Fikirieni fulana za kampeni za uchaguzi. Huchapwa mwaka mmoja, ndani ya wiki chache zimefika Kyela, Tanga na Mwanza, kisha hazichapwi tena. Ukiikuta moja imefukiwa kwenye shimo la taka, unajua taka zile zilimwagwa mwaka ule au baada yake. Jembe lililolala kando yake halikusaidii, kwa sababu majembe ya aina ile yametengenezwa miaka mingi bila kubadilika. Amonaiti ndiyo fulana: walienea sana, spishi zao zilibadilika upesi, na wote walikwisha miaka milioni 66 hivi iliyopita. Lingula, yule mnyama wa makombe mawili anayejichimbia kwenye tope, ndiye jembe. Ukimpata, andika, ila usitegemee akupe umri.

Mkipata nafasi ya kushika amonaiti maabara, msitosheke na ule mviringo. Konokono naye amejizungusha. Mgeuzeni chini ya lenzi, mtafute sehemu ambayo ganda la nje limebanduka. Hapo mtaona mistari iliyojikunja na kurudi, kila mmoja ukionyesha mahali ukuta wa chumba cha ndani ulipogusana na ganda. Konokono hana mpangilio huo wa kuta. Kisha fuateni mbavu za ganda kutoka katikati kwenda ukingoni: je, zinagawanyika? Zinagawanyika mara mbili au tatu? Zinapita ukingo au zinakatika? Mambo madogo kama haya ndiyo hutenganisha spishi na spishi. Ndiyo pia yaliyomwezesha Albert Oppel wa Ujerumani, katika miaka ya 1850, kuigawa miamba ya kipindi cha Jurasi katika kanda nyembamba, ambazo leo tunajua baadhi yake hazifiki hata miaka milioni moja. Chora kwa mkono wako, hata kama simu yako inapiga picha nzuri. Jicho linalochora huona mbavu ambazo jicho la kamera limezipita.

Kisukuku kimoja hakitoshi kuamua. Tuseme tabaka lina spishi iliyoishi kati ya miaka milioni 160 na 150 iliyopita, na nyingine iliyoishi kati ya milioni 154 na 148. Umri wa tabaka uko pale wanapokutana wote wawili, yaani milioni 154 hadi 150. Ukiongeza spishi ya tatu, dirisha huzidi kuwa jembamba. Kwa hiyo kusanya jamii nzima ya viumbe wa tabaka hilo, wakiwemo wadogo wasiovutia macho.

Jambo linalowatatiza wanafunzi wengi ni visukuku vilivyohamishwa. Tabaka kongwe likimomonyoka, makombe yake hubebwa na kulazwa upya kwenye mashapo mapya. Vigezo vya kuvishuku ni hivi: kingo zimesagika, rangi haifanani na ya wenzake, na tope lililojaa ndani ya kombe si lile linalolizunguka nje. Tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko kisukuku kichanga kuliko vyote kilichofukiwa humo lilipolazwa. Kwenye vipande vinavyotolewa na mashine ya kuchimba visima, tatizo hugeuka: vitu vichanga huporomoka kutoka kuta za juu na kuchanganyika na vya chini. Huko wataalamu hupenda kutumia mahali spishi inapoonekana kwa mara ya mwisho, maana ukishuka kisimani ndipo unapokutana nayo kwanza. Pwani yetu ya Kilwa na Lindi ina mfano mzuri sana wa mpaka wa namna hiyo, kwenye udongo wa mfinyanzi uliotunza foraminifera, viumbe wadogo sana wa bahari wenye magamba, kwa usafi wa ajabu. Foraminifera waitwao Hantkenina hutoweka pale ambapo enzi ya Eosini inaisha na ya Oligosini inaanza, miaka milioni 34 hivi iliyopita.

Sasa turudi Songwe na ile chokaa. Ukidondosha tindikali kidogo juu ya jiwe na likatoa povu, umejua tu kwamba lina kaboneti ya kalisi. Chokaa ya bonde la Songwe ililazwa na maji ya chemchemi za moto. Na kilima cha Panda, hapo jirani na mji wa Mbeya, kina mwamba wa kaboneti uliotokana na uji wa moto wa chini ya ardhi. Tindikali inalia juu ya vyote viwili, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuona bahari. Kabla ya kuandika "mwamba wa bahari" kwenye daftari, tafuta mnyama wa bahari.

Na pasipo mnyama wa bahari tunafanyaje? Tunajenga daraja. Chavua na spora, zile chembe ndogo za uzazi za mimea, ni daraja mojawapo, kwa sababu upepo na mito huzipeleka ziwani na baharini kwa pamoja. Mifupa ni daraja jingine. Wanyama wa matabaka ya Manda, kule bonde la Ruhuhu upande wa Ludewa na Songea, akiwemo Teleocrater, mtambaazi wa kale aliyetangazwa mwaka 2017, wamewekwa katika kipindi cha Triasi, sehemu ya kati, kwa kulinganishwa na wanyama wa matabaka ya Karoo ya Afrika Kusini. Ulinganisho huo una viungo kadhaa hadi ufike kwenye kalenda ya bahari, na kila kiungo unapaswa kukijua na kukitaja.

Daraja bora kuliko yote ni mahali ambapo bahari na nchi kavu vimepishana. Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosau kati ya 1909 na 1913, matabaka ya mifupa yametenganishwa na mawe ya mchanga ya bahari yenye makombe ya Trigonia, na amonaiti wamo pia. Ndiyo maana tunasema kwa kujiamini kwamba dinosau wale ni wa Jurasi ya mwisho.

Visukuku hutoa mpangilio. Miaka hutoka kwenye majivu ya volkano. Punje za madini ya zirkoni humo huwa na urani inayogeuka madini ya risasi kwa kasi inayojulikana. Huko Meishan, China, mwanzo wa Triasi umewekwa pale konodonti (mnyama mdogo wa bahari anayejulikana kwa visukuku vyake kama meno) aitwaye Hindeodus parvus anapotokea mara ya kwanza, na majivu ya jirani yanaupa mpaka huo umri wa miaka milioni 252 hivi. Kwetu, majivu ya matabaka ya Nsungwe, bonde la Rukwa, yalitoa miaka milioni 25 hivi, na ndiyo yaliyowapa umri Rukwapithecus na Nsungwepithecus, nyani wa kale waliotangazwa mwaka 2013. Kwa hiyo ukiona ukanda mwembamba wa kijivu au mweupe katikati ya mawe ya mchanga, usiuruke ukikimbilia mfupa.

Kazini, kila sampuli iwe na namba ya tabaka, kimo chake kutoka chini ya sehemu uliyopima, majira-nukta ya GPS, na mshale unaoonyesha upande wa juu, vyote vikiandikwa kabla hujaing'oa. Kilichookotwa kikiwa kimeporomokea korongoni, andika hivyo hivyo: kimeokotwa. Kisifunge hoja ya umri. Kwa mifupa usichimbe bila kibali, na usiingie shambani kwa mtu kabla ya kumwamkia mwenyekiti wa kijiji na kumweleza unachokitafuta. Wazee wa vijiji ndio wanaojua korongo gani limefunguka baada ya mvua za masika.

Jambo la mwisho ni jedwali la vipindi vya dunia. Tume ya kimataifa ya stratigrafia, elimu ya matabaka ya miamba, hulitoa upya mara kwa mara, na tarakimu za mipaka husogea. Angalia toleo lako ni la mwaka gani, na ulitaje kwenye ripoti pale pale unapoandika umri.