Jukwaa la wazi la kurushia ndege na kuonyesha wanyama, Dodoma: usimwage zege bado

Mkuu, umeuliza jukwaa la wazi la watu 300 kwenye bustani yako ya wanyama huko mbele ya Ihumwa, ndege warushwe, watoto waonyeshwe kobe na nungunungu, jioni ngoma, na fundi kakwambia mwaga kwanza slabu ya jukwaa mengine yatajipanga yenyewe. Usimwage kitu. Mimi nilisimamia saiti ya namna hiyo hiyo ya mzee mmoja na slabu tuliyoanza nayo leo wanaanikia uwele.

Kosa letu lilikuwa jua. Geti lilikuwa mashariki kwa hiyo tukaweka jukwaa magharibi, watu wakiingia wanakaa moja kwa moja, kwenye ramani ilipendeza sana. Siku ya kwanza shoo inaanza saa kumi na nusu jioni, aisee, watu mkono usoni kama wanapiga saluti, wamama wamefunika watoto kanga, mwewe anatokea ndani ya jua hakuna anayemuona mpaka ashatua. Nusu saa haijaisha wengi washahamia chini ya mbuyu nyuma ya jukwaa, yaani wamekata tiketi kuangalia mgongo wa mtangazaji.

Kwa hiyo jukwaa likae mashariki, watu waligeuzie jua mgongo. Juni jua linazama limeegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini, ila huna haja ya kuhangaika na nyuzi za dira, we chukua kiti cha plastiki nenda saiti saa kumi jioni, kaa, ukikunja uso hapo sio. Mrushaji ndo jua litampiga usoni, mpe kofia, yeye analipwa.

Sasa hapo unakutana na upepo. We mwenyewe unaujua upepo wa Dodoma kiangazi, unatoka mashariki na kusini mashariki na unakuja na vumbi lake, kwa hiyo jukwaa likiwa mashariki vumbi lote la jukwaani linaenda machoni mwa wateja. Lakini usiligeuze, maana upepo huo huo unakusaidia mambo mawili: unabeba sauti kuelekea kwa watu, halafu ndege anatua vizuri akikabili upepo. Jenga kakibanda juu kabisa nyuma ya watu, ndege afunguliwe pale, ashuke juu ya vichwa akiwa anakabili upepo mpaka kwenye mkono wa mrushaji jukwaani. Watoto wanapiga kelele hapo we acha tu. Ukimrusha kinyume, kutoka jukwaani kupanda juu, upepo unamsukuma kwa nyuma anapitiliza.

Vumbi linazuiwa na kizuizi nyuma ya jukwaa, na hapa watu wengi wanakosea wanajenga ukuta wa tofali. Ukuta mzima upepo unaruka juu yake halafu unajikunja kwa nyuma, vumbi linazunguka pale pale jukwaani. Weka uzio wa mafito wenye matundu, kama nusu wazi nusu umezibwa, upepo unapita umechoka. Uzio wa hivyo unakinga mpaka karibu mara kumi ya urefu wake, wa mita 3 unakupa kama mita 30. Sisi tulipanda mwarobaini, unakubali Dodoma na hauna gharama, ila ulipokua mkubwa mwewe akagundua kwamba kule ndo kuzuri, siku moja alikaa juu ya mti zaidi ya nusu saa tunamuonyesha nyama anatuangalia tu, kunguru wa mtaani nao wakaja kumzonga, mtangazaji kaishiwa stori. Miti mirefu iwe mbali na njia ya ndege. Na minyaa usiweke karibu na watoto kabisa, ule utomvu ukiingia jichoni ni hospitali.

Saa za shoo: saa nne asubuhi, jua likishapanda lisiwapige watu usoni, halafu saa kumi jioni. Mchana ardhi imechemka hewa ya moto inapanda, mwewe na jamaa zake wanaidandia hiyo hewa wanazunguka wanapanda mpaka wanakuwa nukta, na wewe umesimama na kipande cha nyama mkononi.

Kivuli cha watu weka neti ya kivuli sio bati, bati mvua ikipiga husikii neno na kiangazi linapasha. Ila neti isifunike katikati. Kwenye ukumbi wa kawaida katikati ndo viti vya bei, hapa katikati acha ngazi za kupandia na juu wazi, hiyo ndo barabara ya ndege. Nguzo za neti zichimbiwe kweli kweli, upepo unainyanyua kama tanga la jahazi.

Viti tumia mteremko ulionao. Mistari minane ya kujipinda, kila mtu sentimita 50, wa mbele watu kama 30 wa nyuma 45, unapata 300 yako. Kina cha mstari sentimita 80, kupanda 40, hapo hata mtoto anamuona kobe ardhini. Pa kukalia weka mawe, Dodoma mawe hatununui mbali. Kama chini ni tope jeusi la mbuga lichimbue ulitoe, lile linavimba masika linapasuka kiangazi na zege lako linafuata.

Spika usiweke mbili kubwa jukwaani. Sauti inapungua desibeli 6 kila umbali ukizidi mara mbili, kwa hiyo ili wa nyuma asikie unamuua wa mbele, na wanyama wanaosubiri zamu wapo hapo hapo nyuma ya jukwaa. Weka ndogo ndogo kati ya watu, sauti ya chini. Ngoma hiyo hiyo: zeze na ilimba (ile ya kupiga kwa vidole gumba) ziwekee maiki, ila wamama wa muheme, ngoma za Kigogo, hawahitaji kitu, wakianza wanasikika kijiji cha pili, kwa hiyo ndege warudishwe mabandani kwanza, na mabanda yawe mbali na yawe na tuta la udongo katikati.

Leseni nadhani ushaanza, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haina utani, na ustawi wa wanyama una sheria yake ya 2008. Nungunungu wa kuokota porini usimpandishe jukwaani.

Tupia picha ya saiti ukiwa umesimama juu ya mteremko, na useme korongo la maji lipo upande gani. Kama maji ya masika yanapita pale unapotaka jukwaa, itabidi tulisogeze kabla ya Desemba.