Pete ya faiba inakatika, ofisi moja inazimika

SWALI: Ofisi zetu nne ziko kwenye pete ya faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha nuru, zilizounganishwa kwa mduara), kila moja na rangi yake ya nuru. Faiba ikikatika, ofisi moja hupotea mtandaoni ingawa upande wa pili wa pete ni mzima. Kwa nini?

JIBU: Huenda hesabu ya upotevu wa nuru ilipigwa kwa njia fupi tu. Pima ile ndefu, ambayo nuru huzungukia pete ikikatika: kilomita 40 kwa desibeli (kipimo cha upotevu) 0.25 kila moja ni 10, vichujio vinne vya kutenga rangi kwa 1.5 ni 6, konekta sita (viungio vya faiba) kwa 0.5 ni 3. Jumla 19; ongeza 3 za akiba, ziwe 22 ambazo moduli (kifaa cha kutuma na kupokea nuru) lazima izimudu. Kabla ya kununua moduli yenye nguvu zaidi, safisha konekta! Na moduli hiyo ikizidisha nuru kwenye njia fupi, kipokezi cha nuru hulemewa. Weka kipunguza nuru upande huo pekee.