Sikukuu za Desemba Mombasa: mafuta, sinia na mwendo wa alfajiri

Pilau ya siku ya sikukuu haimnenepeshi mtu. Siku yenyewe ni moja. Kazi yote hufanywa na vile vidogo vidogo vya kila jioni, tangu watu wa bara waanze kushuka pwani hadi Januari: viazi karai na mihogo pale Lighthouse, kando ya bahari, bhajia, mshikaki, halafu soda baridi ya kushushia. Soda ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 32, sawa na vijiko 8 vya chai. Ukinywa mbili umeshapita gramu 50, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikizidi kwa siku. Tengeneza maji ya ukwaju nyumbani: loweka, chuja, tia vijiko viwili vya sukari kwa lita nzima, weka barafu. Ukali wake ndio unaokata kiu. Dafu pia ni zuri.

Viazi karai si lazima uviache, vipike mwenyewe. Mara nyingi kosa ni mafuta kutokuwa moto wa kutosha. Dondosha tone la unga uliokorogwa: likizama likakaa chini, subiri, likipanda juu mara moja likichemka, anza. Usijaze karai, maana viazi vingi kwa pamoja hupoza mafuta, na unga huyanywa badala ya kukauka. Vikiiva vichuje kwenye chujio bila kuvifunika, la sivyo mvuke utavilainisha.

Pilau nayo ina mahali pa kupunguza. Kilo moja ya mchele hutosheka na nusu kikombe cha mafuta. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani, na vikianza kushika nyunyiza maji kidogo, kisha endelea mpaka viwe vya kahawia. Rangi na ladha haipungui. Nyama ichemshe usiku wa kuamkia sikukuu, supu iweke kwenye friji, na asubuhi bandua mafuta yaliyoganda juu kabla ya kuipikia wali. Mbaazi za nazi zichemshe kwa tui la pili. Tui zito lisubiri mwisho, tena robo kikombe kwa nusu kilo ya mbaazi inatosha kabisa.

Penye sinia ndipo watu hupotea. Mkila wanne au watano hakuna anayeona amekula kiasi gani, na mwenyeji anakusogezea minofu kila ukipunguza mwendo. Kukataa ni utovu wa adabu, wala hatushauri ukatae. Anza na kachumbari, kula upande wako tu, tafuna taratibu. Ukishapata shibe nawa mikono mapema. Mwenye mikono iliyonawiwa halazimishwi sana. Ukipakuliwa kwenye sahani yako, omba kidogo kwanza, kisha ongeza mara moja: mwenyeji hufurahi kukuona umeongeza.

Mazoezi ya Desemba hapa ni ya alfajiri. Kaskazi inavuma, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki mwilini, na kufika saa tatu asubuhi moyo unafanya kazi zaidi kwa mwendo uleule. Ondoka saa kumi na mbili kasoro, tembea dakika 30 kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 zinazopendekezwa. Barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, inanyooka vizuri. Ukipenda ufuo wa Nyali, nenda maji yakiwa yametoka, mchanga ukiwa mgumu. Nyakati za maji husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo waulize wavuvi. Mchanga mkavu mlaini huumiza kifundo na ukano wa kisigino kwa asiyezoea. Kunywa glasi mbili za maji kabla ya kutoka. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au baridi juani, simama, ingia kivulini, jimwagie maji.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge kula mchana kutwa ili "kuhifadhi nafasi" ya biriani ya usiku. Sukari inaweza kuanguka ghafla. Ale kwa saa zake, na amwone daktari kabla ya kubadilisha dozi au kuanza kutembea sana.