Kabla ya Kuwekewa Koili, Uliza Habari ya Ganzi

Ukiamua kuwekewa koili, kile kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya mji wa mimba, hapa Nairobi, pigia kliniki simu kabla ya siku yenyewe na uulize: mna dawa ya ganzi ya mlango wa kizazi, na yupo mhudumu anayejua kuitumia? Usingoje kuuliza ukiwa umeshalala kitandani, magoti juu, taa imeelekezwa huko chini. Wakati huo vifaa vimeshafunguliwa, wanawake wengine wamejaa kwenye benchi nje, na hata mwenye mdomo mkali hujikuta amenyamaza. Jibu utakalopata hapo ni lile tulilolizoea: "Ni kitu ya dakika mbili tu, mama. Jikaze."

Mimi nimewekewa bila ganzi, na nimewekewa kwa ganzi. Koili yenyewe naipenda. Ile ya shaba, T380A, hukukinga kwa miaka 10 na zaidi, haina homoni, na kwa mwaka mmoja wanaoshika mimba wakiwa nayo hawafiki mmoja kati ya wanawake 100. Kwa hiyo sitaki mtu aikimbie. Lakini nimewasikia wanawake wa chama chetu wakisema heri wadungwe sindano kila baada ya miezi mitatu kuliko kuteswa vile, na wengine hata hawajaikaribia, wamesimuliwa tu. Maumivu yanayoweza kupunguzwa hayafai kumchagulia mtu njia ya kupanga uzazi.

Mara ya kwanza nilikuwa na watoto wawili, wote wa upasuaji. Hakuna aliyeniuliza nilizaa vipi. Aliyenihudumia, katika kliniki ya mtaani ambayo sitaitaja, alisoma kwenye kadi kwamba nina watoto wawili, akasema, "Mama wa wawili hawezi kushindwa na hii." Nikapewa Panadol mbili nikazimeza papo hapo, nikapanda kitandani. Muda si muda masikio yaliziba, jasho baridi likanitoka, na dari ikaanza kuzunguka. Nilipoomba apumzike kidogo aliniambia karibu amalize. Dada yangu, aliyezaa kwa njia ya kawaida, aliwekewa yake akapanda matatu kwenda kazini siku hiyo hiyo, na kwa muda mrefu nilijiuliza mwili wangu una kasoro gani.

Hauna kasoro. Maumivu ya koili hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Asiyewahi kuzaa, aliyezaa kwa upasuaji bila uchungu wa kujifungua, na mwenye hedhi inayomlaza kitandani, hao mara nyingi huumia zaidi, kwa kuwa mlango wa kizazi haujawahi kufunguka au mji wa mimba ni mwepesi wa kujikaza. Aliyewahi kudhulumiwa kimwili, au aliyepimwa kwa ukali siku za nyuma, naye huja akiwa amekaza mwili mzima. Ukiwa mmoja wao, mwambie mhudumu mapema. Wala haina maana kwamba koili si yako: Shirika la Afya Duniani linakubali itumiwe hata na msichana ambaye hajazaa.

Inasaidia kujua uchungu unatoka wapi. Kwanza huingizwa kile kifaa cha kufungulia uke, ambacho kwa wengi ni usumbufu tu. Kisha mlango wa kizazi hushikwa kwa koleo refu lenye ncha kali ili usisogee, na hapo unahisi kufinywa. Halafu kijiti chembamba hupitishwa mpaka mwisho wa mji wa mimba kupima kina chake, na baadaye mrija wenye koili hupita njia hiyo hiyo. Kwangu hatua hizo mbili ndizo zilizokuwa kali zaidi. Baada ya hapo mji wa mimba hujikaza na tumbo husokota, saa chache kwa wengine, siku kadhaa kwa wengine. Kile kizunguzungu nacho kina sababu: mlango wa kizazi ukivutwa, mshipa wa fahamu unaopunguza mwendo wa moyo huweza kuamka, presha ikashuka ghafla. Si woga. Mwaka 2021 mtangazaji wa BBC, Naga Munchetty, alieleza redioni kwamba alizirai wakati wa kuwekewa koili, na wanawake wengi wa Uingereza wakajitokeza kusema na wao yaliwapata. Hata huko wengi walikuwa wakipewa ushauri wa kumeza vidonge tu.

Sasa tuje kwenye vidonge, maana hapa ndipo wengi tunadanganyika. Panadol peke yake haizuii uchungu wa koleo wala wa kijiti. Ibuprofen, ambayo wengi tunaiita Brufen, imepimwa katika tafiti nyingi, na haikuonekana kupunguza maumivu ya wakati koili inapoingizwa. Faida yake iko kwenye msokoto wa tumbo unaofuata, kwa hiyo ichukue, lakini ujue unaichukulia nini. Naproxen, dawa ya jamii hiyo hiyo, imeonyesha matokeo bora kidogo. Kidonge chochote kati ya hivi kinataka muda wa kufanya kazi, yapata saa moja, na kukimeza ukiwa mlangoni ni kujitibu baada ya kuumia. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa hizi, au shida ya figo asiguse Brufen wala naproxen kabla ya kuongea na mhudumu.

Kuna pia misoprostol, ambayo wahudumu wengine huitoa usiku wa kuamkia siku hiyo ili "kulainisha mlango". Mwongozo wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2024 unasema isitolewe kwa kila mtu kama desturi. Haipunguzi maumivu, na yenyewe huleta msokoto wa tumbo, baridi ya mwili na kuhara. Inaweza kufikiriwa pale jaribio la kwanza liliposhindikana. Ukipewa bila maelezo, uliza kwa nini.

Kinachofanya kazi kweli ni lidokeini, dawa ile ile ya ganzi. Mwongozo huo wa CDC unaitaja, iwe ya kudungwa au ya kupakwa, na Mei 2025 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kiliwataka madaktari wawaeleze wanawake njia za kupunguza maumivu na kuwapa nafasi ya kuchagua. Ya kupakwa huja kama krimu, dawa ya kupuliza au jeli. Krimu iliyochanganywa na prilokeini, ganzi nyingine, na dawa ya kupuliza ya asilimia 10 zimefanya vizuri katika tafiti; jeli ya asilimia 2 mara nyingi haikusaidia sana. Kwa hiyo kliniki ikikuambia "ganzi tunayo", uliza ni ya aina gani. Uliza pia wataiacha ikae kwa muda gani, maana kupuliza na kuanza kuvuta papo hapo hakumsaidii mtu. Inahitaji dakika chache.

Ya kudungwa nayo ina nguvu, nami ndiyo niliyopata nilipoenda kubadilisha koili. Daktari hudunga lidokeini, kwa kawaida mililita 10 hadi 20 za asilimia 1, sehemu kadhaa kandokando ya mlango wa kizazi. Sitakuficha: sindano yenyewe inachoma. Nilihisi ikiuma, kisha midomo ikawasha kidogo na mdomo ukawa na ladha ya chuma, jambo ambalo daktari alikuwa ameshanionya kwamba linaweza kutokea na litapita. Tukasubiri tukizungumza habari za watoto. Koleo liliposhika sikulijua. Kijiti kilipopita nilihisi msukumo mzito tumboni, nikavuta pumzi, kikawa kimetoka. Nilibaki nikitazama dari nikiwa na hasira, kwa sababu ile mara ya kwanza haikuwa na lazima iwe vile.

Na dawa hii si ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Lidokeini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo inayotumiwa wadi za uzazi kumshona mama aliyechanika. Hakuna daktari wa meno anayekung'oa gego bila kulitia ganzi kwanza, na mgonjwa haambiwi ajikaze kwa kuwa ni dakika mbili. Kinachokosekana mara nyingi ni mafunzo ya kuidunga sehemu hiyo, pamoja na muda. Hapa kwetu wauguzi na maafisa wa kliniki ndio wanaoweka koili nyingi, na wanaziweka vizuri, lakini si wote waliofundishwa sindano hii. Waliopitia mafunzo ya kumhudumia mwanamke aliyeharibikiwa na mimba kwa kawaida wanaijua, kwa maana huitumia wanaposafisha mji wa mimba. Kwa hiyo katika ile simu yako unaweza kuuliza waziwazi: "Sista, mhudumu anayewahudumia walioharibikiwa na mimba yuko zamu siku gani?" Swali hilo lilinifungulia njia mahali ambapo mwanzo niliambiwa hawafanyi.

Gesi ya kuvuta, ile wanayopewa wanaojifungua katika nchi nyingine, usiitegemee: si rahisi kuipata kliniki za kawaida, na utafiti kwa wanawake wasiozaa haukuonyesha kwamba inapunguza maumivu ya koili. Kulazwa kwa dawa ya usingizi kunawezekana katika hospitali kubwa zenye chumba cha upasuaji. Ni gharama, unafunga kula, na unahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani. Lakini kwa aliyejaribu akashindwa, au ambaye kuguswa tu kunamrudishia mambo mabaya, ni ombi halali kabisa na asione haya kulitoa.

Kama una mimba sasa hivi na unajua utataka koili, kuna nafasi nyingine ambayo wengi hawaambiwi. Inaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, wakati mlango bado umefunguka, au wakati wa upasuaji wenyewe, ukiwa bado na ganzi ya mgongo na huhisi chochote. Laiti mtu angenieleza hilo kliniki ya wajawazito! Ubaya wake ni kwamba koili ya namna hii hutoka yenyewe mara nyingi zaidi kuliko inayowekwa baadaye, kwa hiyo ni lazima urudi ukaangaliwe. Zungumza nao mapema, siku za kliniki, kabla uchungu haujaanza.

Wengine wataniambia kwamba hospitali ya umma, pale huduma ni ya bure, mtu hachagui. Sikubali. Katiba yetu, kifungu cha 43, inataja huduma za afya ya uzazi kuwa haki, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha unayoielewa. Haisemi wenye bima pekee. Sista aliyechoka si adui yako, na ukimsalimu vizuri ukamwambia "Naomba tuongee kwanza kabla hujaanza, mara iliyopita niliumia sana," wengi watakusikiliza. Kubalianeni pia ishara: ukiinua mkono, anasimama. Kule kujua tu kwamba unaweza kumsimamisha hulegeza mwili. Na ikiwa jibu ni hapana, hawana ganzi na hawataki kungoja, una ruhusa ya kuvaa nguo zako uende ukapange siku nyingine mahali pengine. Koili haihitaji kuwekwa siku ya hedhi, ilimradi kuna uhakika kwamba huna mimba. Haraka haipo, isipokuwa unaitaka ile ya shaba kama kinga ya dharura, ambayo ina siku 5 tu baada ya kukutana na mwanamume bila kinga.

Siku yenyewe kula chakula, kama hulazwi kwa dawa ya usingizi. Uji na kiazi kitamu vinatosha, lakini usiende na njaa, presha itakushuka upesi zaidi. Nenda na mtu. Ukimaliza usiruke kutoka kitandani. Lala kidogo, kisha keti, kisha simama. Bodaboda iache siku hiyo. Nyumbani, chupa ya maji moto juu ya tumbo na Brufen baada ya kula husaidia sana, na hakuna ubaya kumwachia mtu mwingine kupika.

Msokoto wa siku za kwanza na damu kidogo ni kawaida. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, uchafu unaonuka, kukosa hedhi, kutozipata kwa kidole nyuzi za koili zinazoning'inia kwenye mlango wa kizazi, au kugusa kitu kigumu hapo mlangoni, hayo yakurudishe kliniki bila kungoja, hasa wiki tatu za mwanzo ambapo hatari ya maambukizi iko juu zaidi.

Na kabla hujaondoka, mwombe mhudumu aandike kwenye kadi aina ya koili, tarehe, na ganzi uliyopewa na jinsi ulivyoipokea. Kutoa koili huuma kidogo tu kwa wengi, lakini utakapotaka nyingine miaka kadhaa baadaye, huenda kliniki ikawa nyingine na mhudumu akawa mwingine, na atakayeisoma ataanzia hapo badala ya kuanza kwa kukuambia ujikaze.